Amina ya Jumatatu

Ukutani mwa ofisi yetu pale mjini Baraka palikuwa na karatasi kubwa yenye visanduku na mishale, ya kuonyesha nani anamwamuru nani. Kisanduku cha juu kilikuwa cha shefu, mkubwa wetu wa kazi. Chini yake agronomu, bwana shamba wetu, kisha mimi katibu, kisha dereva, na kule chini kabisa, pembeni pale mende walipokwisha kutafuna, kisanduku kidogo kilichoandikwa "usafi". Karatasi hiyo niliichapa mimi mwenyewe na mishale nikaivuta kwa rula, kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba ilikuwa ya uongo kutoka juu hadi chini.

Tulikuwa chama kidogo cha kugawa mbegu. Tulitoa mahindi, maharage na vijiti vya muhogo kwa wakulima wa huku kwetu na kwa wakimbizi Warundi wa kambi ya Lusenda. Shefu alikuwa na kiti kinachozunguka, muhuri, na neno moja alilolipenda kuliko maneno yote: "Tutaona." Ukimwomba karatasi, tutaona. Ukimwomba ruhusa ya kwenda mazishini, tutaona, mpaka matanga yanaisha. Hakuwa mtu mbaya. Ila kumwomba jambo uso kwa uso kulikuwa sawa na kutupa jiwe ziwani: unasikia chubwi, basi.

Mtawala wetu wa kweli alikuwa mama wa usafi. Alikuwa mfupi, sauti yake nene kuliko mwili wake, na kule kwenye kanisa lake la Kiprotestanti alikuwa shemasi. Asubuhi alifagia, mchana akatupikia bukari, ugali wa huku kwetu, na maharage. Hakuwa na meza. Hakuwa hata na kiti. Alikaa jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alichokuwa nacho ni maombi ya kufungua mkutano wa Jumatatu.

Kwetu mkutano hauanzi bila maombi, hata ukiwa ni mkutano wa kuzungumzia choo kilichoziba. Dereva, aliyekuwa pale tangu mwanzo, alinisimulia jinsi mama alivyoyapata. Ulikuwa mkutano wa kwanza kabisa wa chama. Shefu akauliza, "Nani anatuombea?" Watu wote wakaanza kuchunguza viatu vyao. Shefu ni Mkatoliki kama mimi, na sisi Wakatoliki tunajua sala zilizokwisha andikwa. Ukituambia tutunge yetu hapo hapo, ulimi unakauka. Dereva alisema ana mafua. Agronomu ni Mprotestanti, tena mwimbaji wa kwaya, lakini huimba yale ambayo wengine wametunga. Mama alikuwa anapita na termosi ya chai. Akaiweka chini, akafumba macho, akaanza. Chai ilipoa kabisa kabla hajamaliza. Na kwetu mtu akishashika maombi humnyang'anyi, labda ahame mwenyewe.

Sasa fikiria mamlaka hayo. Watu wazima wanne, sisi tumesimama na shefu amekaa kwenye kiti chake, tumeinamisha vichwa, macho yamefumbwa. Anayesema ni mmoja tu. Huwezi kunyoosha mkono. Huwezi kusema "naomba nisahihishe kidogo". Unasubiri, na mwishoni unasema amina, na ukishasema amina umepiga kura.

Nilipoanza kazi, Jumatatu yangu ya pili ilikuwa ya mvua. Mama aliomba hivi:

"Baba Mungu, tunakushukuru juu ya mvua. Mvua ni ya kwako. Lakini Baba, haukusema inyeshe mu sufuria ya maharagi ya batumishi bako. Gusa roho ya ule muntu mwenye iko na mabati ine nyuma ya nyumba yake, mabati yenye haifanye kazi."

"Amina," tukasema. Shefu naye alisema amina, kwa sauti nyembamba, maana mwenye mabati manne nyuma ya nyumba alikuwa yeye, na kila mtu alijua anayaweka kwa ajili ya banda la kuku. Jumatano jiko likawa na paa jipya.

Baada ya hapo niliona mengi. Dereva aliombewa ulinzi wa gari, "hata ile siku ya posho yenye inaendaka ku harusi bila sisi." Jumamosi iliyofuata, ndiyo siku ya posho, gari lililala ofisini. Agronomu aliombewa meno, kwa sababu kopo la sukari lilikuwa linaisha kila Alhamisi. Na mimi sikuachwa.

"Baba, umupatie binti yetu wa ku mashini roho ya upole. Akifungaka mulango, mijusi inaanguka."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kwanza ni mjusi mmoja tu aliyeanguka, tena alikuwa mzee. Nilitaka kujibu, nikauma meno, na nikajisikia mwenyewe nikisema amina pamoja na wengine. Kwenye kumbukumbu za mkutano niliandika kama nilivyoandika kila wiki: "Moja, maombi. Mbili, mengineyo." Mambo yote ya maana yalikuwa ndani ya moja.

Hapa lazima niseme nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho nisingekuwa na hadithi.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Nundu. Tulifunga ndoa, tukacheza, tukala, na baada ya wiki moja yeye akarudi kwenye chaki yake na mimi kwenye kompyuta yangu ya Baraka. Kwa miaka miwili nilikuwa napanda pikipiki kila Ijumaa ya pili, mvua au vumbi, kwenda kumwona mume niliyemtolea kiapo mbele ya padri. Nikifika uani, watoto wa majirani walikuwa wanapiga kelele: "Mugeni amefika!" Mgeni. Kwenye nyumba ambayo mapazia yake nilishona mimi. Sikuwahi kujua mahali kijiko kilipo. Mume wangu mwenyewe alikuwa ananikaribisha kiti. Niliumia, na nilikuwa narudi Baraka Jumapili nikiwa na hasira ya kutosha wiki mbili za kubamiza milango. Mama wa usafi alipoomba juu ya mijusi, hakujua alikuwa anagusa kidonda gani. Au pengine alijua.

Basi Jumatatu moja shefu akatangaza, kwenye mengineyo, kwamba chama kinafungua ofisi ndogo Nundu, kwa ajili ya wakulima wa upande ule. Atahitajika mtu mmoja wa kukaa kule. Ataamua baada ya wiki mbili.

Moyo wangu uliruka kama ndagala kwenye wavu. Nikatazama huku na huku kwa hila, na macho yangu yakakutana na ya agronomu. Naye alikuwa anatazama huku na huku kwa hila. Nyumba ya ofisi ya Nundu ilikuwa na paneli za jua, na agronomu alikuwa na televisheni ambayo huku Baraka ilizimika kila timu yake ilipokaribia kufunga bao. Basi ndivyo ilivyokuwa: yeye alitaka mpira, mimi nilitaka mume.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa shefu na kusema, nataka. Sisi tulikwenda jikoni.

Siku ile ile agronomu, mwanaume mwenye diploma, nilimkuta anambebea mama madumu ya maji. Suruali imelowa mpaka magotini, anaimba wimbo wa kwaya yao kwa sauti ya pili. Mimi sina wimbo. Kesho yake nikapitia ufukweni alfajiri, wavuvi walipokuwa wanateremsha, nikachukua samaki, mikeke mitatu minene, nikampelekea mama ikiwa imefungwa kwenye majani. Mkono mtupu haulambwi.

"Mungu akubariki, binti yangu," akasema, akaiweka kando.

Jumatano agronomu akaleta ndagala, beseni zima. "Mungu akubariki, mutoto wangu." Alhamisi nikaleta mafuta ya mawese na ndizi. Ijumaa yeye akaleta jogoo, akiwa hai, na jogoo yule akatoroka akaingia ofisini kwa shefu, akapanda juu ya kiti kinachozunguka. Shefu alipoingia akamkuta jogoo anazunguka polepole akitazama karatasi ya visanduku. Alisema tu, "Tutaona," kisha akatoka nje.

Jambo ambalo hatukulitazamia ni kwamba mama alipika vyote. Kila tulichomletea kilikuja mezani saa sita, na tulikila sote. Wiki ile nilikula hongo yangu mwenyewe, nikala na ya mpinzani wangu, na sikuwahi kula vizuri hivyo tangu harusi yangu. Dereva, ambaye hakuwa na haja ya kwenda Nundu wala popote, alinenepa. Aliuliza kama shefu hawezi kufungua ofisi nyingine ndogo Mboko.

Jumatatu iliyofuata nilisimama nimefumba macho kama msichana wa komunyo ya kwanza. Mama akaomba juu ya mvua. Akaomba juu ya wagonjwa. Akaomba juu ya wakulima, juu ya muhogo usiliwe na ugonjwa, juu ya barabara. Kisha akavuta pumzi.

"Na Baba, usamehe bale banafikiri we unakulaka mukeke."

"Amina," akasema dereva kwa furaha. Agronomu na mimi tulichelewa kidogo.

Baada ya mkutano nilimfuata jikoni. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, lakini nilipofungua mdomo yalitoka mengine. Nilimweleza yote: pikipiki, mvua, kijiko nisichojua kilipo, watoto wanavyopiga kelele. Nilimwambia nimechoka kuwa mgeni. Nikalia, na kwa vile moshi ulikuwa mwingi, sikuona haya.

Akaacha kusugua. "Ulishaambia shefu?"

"Apana, mama."

"Agronomu alishaambia ye?"

Nikafikiri. "Naona apana. Ye pia anapitiaka kwako."

"Ah! Sasa shefu atajuaka namna gani?" Akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi ndani ya kanisa. "Mi iko mutu ya kufagia. Mi nasemaka na Mungu. Kama shefu anasikia, ile ni masikio yake. Mwenye kuficha uchi hazaake, binti yangu. Enda ukaseme."

"Ataniambia tutaona."

"Basi muone."

Ni rahisi kusema. Siku ile nilibisha mlango wa shefu. "Karibu, madamu," akasema, akageuka na kiti chake. Nikamtazama, naye akanitazama. "Nilikuwa nakuya kuuliza kama uko na biki," nikasema. Akanipa biki, kalamu ya wino. Baada ya saa moja nikabisha tena. Akanipa gundi. Saa tisa alinipa karatasi za kaboni ambazo hakuna aliyezitumia tangu kompyuta ifike, na mimi nikazipokea kwa mikono miwili nikasema asante. Usiku nilijitukana peke yangu, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kibembe, maana matusi ya Kiswahili yaliisha mapema. Mtu anayebamiza milango mpaka mijusi inaanguka, anashindwa kufungua mdomo! Niliogopa ile "tutaona". Nisipoomba, Nundu ilikuwa bado inawezekana. Nikiomba nikakataliwa, basi nitabaki kuwa mgeni maisha yangu yote.

Wiki ikapita hivyo, biki zikiongezeka mezani kwangu. Tarehe ya uamuzi ikafika, Jumatatu, na asubuhi hiyo tukakuta jiko limefungwa. Mama alikuwa amefiwa na wifi yake kule Fizi na alikuwa ameondoka Jumapili kwenda matangani. Hapakuwa na chai. Jambo kubwa zaidi, hapakuwa na maombi.

Shefu alikaa mahali pake. Akatazama mlango, akatazama saa, akatazama sisi.

"Nani anatuombea?"

Dereva akakohoa, yale mafua ya miaka yote yalikuwa yamemrudia. Mimi nikaanza kuchunguza viatu vyangu. Ndipo nikasikia kiti cha agronomu kinasogea. Nilipoinua kichwa nikaona anachomoa karatasi kwenye mfuko wa shati lake. Ameandika! Mwanaume ameandika maombi yake nyumbani, tena pande zote mbili za karatasi, na sasa anakuja kuyasoma juu ya kichwa changu, na mimi nitasema amina.

Hasira yangu imenitia katika matatizo mengi maishani, lakini siku ile ilinisimamisha kabla hata yeye hajanyoosha magoti.

"Tufumbe macho," nikasema, kwa sauti ya kufukuza mbuzi kwenye shamba la mahindi.

Wakafumba. Na hapo nikagundua kwamba sikuwa na neno hata moja.

Nje pikipiki ikapita. Nikatafuta kichwani, na sala ya kwanza niliyoikuta ni ile ya kabla ya kula. Basi nikaianza. Nilibariki chakula chetu saa mbili asubuhi, mbele yetu pakiwa na mafaili, stepla na sampuli ya maharage. Nilipofika mwisho dereva akasema, "Amina," akiwa tayari kukaa.

"Bado," nikamwambia.

Nikaanza Salamu Maria. Upande wa agronomu nikasikia mguno wa Kiprotestanti. Katikati ya sala nikapotea njia, kwa sababu nilikuwa nawaza Nundu, nikarudi mwanzo, nikapotea tena mahali pale pale. Mwishoni nikafungua jicho moja, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Shefu alikuwa ananitazama.

Macho yake yalikuwa wazi kabisa, mawili, makavu, kidevu kimeegemea mkono, na mbele yake daftari na biki. Haikuwa ajali. Alikuwa amekaa kama mtu aliyezoea, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Nikafungua na jicho la pili. Tukatazamana juu ya vichwa viwili vilivyoinama. Shefu akainua nyusi kidogo, kana kwamba anasema: endelea basi, nakusikiliza.

Sijui nilipata wapi nguvu. Pengine ni kwa sababu hapakuwa na mwingine anayeona uso wangu.

"Shefu," nikasema, "mi nataka kuenda Nundu. Bwana yangu iko kule. Miaka mbili mi iko mugeni mu nyumba yangu. Nilishachoka. Nakuomba, unitume mi."

Hakusema tutaona. Aligeuza biki mara moja.

"Andika barua," akasema.

"Amina!" wakasema dereva na agronomu kwa pamoja.

Agronomu alifungua macho akiwa bado na ile karatasi yake mkononi. Nilikuwa namtazama, na niliona habari ikimwingia taratibu, kuanzia paji la uso kuteremka chini.

"Shefu, ngoja kwanza. Ile haikuwa maombi! Ile ilikuwa... ile ilikuwa mazungumzo!"

"Ulisema amina ao haukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi. Tuendelee. Mengineyo."

Barua niliiandika mara nne kabla ya saa sita. Nilipompelekea, shefu aliisoma yote, akatoa muhuri wake, akaupumulia, akagonga. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia napasika kwa aibu.

"Madamu, mi nilijua bwana yako iko Nundu. Wakati banauliza biro ndogo, ile ofisi, tuweke wapi, nilisema Nundu. Nikakuwa nangoja useme. Ukakuya kuomba biki. Ukakuya kuomba gundi. Nikafikiri, labda banapendanaka vizuri wakati kila mutu iko kwake."

Nilikuwa na biki tatu zake mezani kwangu. Nikazirudisha zote.

Mama alirudi Alhamisi, amevaa kitambaa cha msiba. Nilimpa pole, nikamsaidia kuwasha moto, nikangoja mpaka pale adabu iliporuhusu. Kisha nikamwambia siri yangu kubwa: kwamba shefu hafumbi macho. Kwamba miaka yote hii, wakati sisi tumeinama kama kondoo, yeye anatutazama.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka ndoo ikateleza chini yake.

"We unafikiri mi nafumbaka? Nikifumba nitajua namna gani anakubali? Mi namuangaliaka muzuri. Akitingisha kichwa, naendelea. Akikunja uso, naruka ku neno ingine, naomba juu ya bagonjwa."

"Na mabati, mama? Ile mabati ine?"

"Ile ye mwenyewe njo aliniambia. Bibi yake alikuwa anataka nyumba ya kuku. Ye alikuwa anataka jiko isilowe, lakini anaogopaka bibi. Nikaomba. Akafika kwake akasema: bibi, ni Mungu amesema, mi nitafanya nini?" Akapangusa machozi kwa kitenge. "Bibi alisema amina."

Nilikasirika kwa muda wa kama dakika moja. Halafu nikaona kwamba jambo lenyewe ni zuri mno kulikasirikia. Shefu alikuwa anamtawala mkewe kupitia mama, mama anamtawala shefu kupitia Mungu, na Mungu, mwenye subira, alikuwa anasubiri watu wamalize mikutano yao. Yule ambaye hakuwa anamtawala mtu yeyote alikuwa mimi peke yangu, na mijusi.

Agronomu alinuna siku tatu. Ya nne alinisaidia kufunga mizigo, na akaniambia, bila kunitazama, kwamba karatasi yake ile ilikuwa na aya ya kuniombea mimi pia. Nilimuuliza ilisema nini. Alisema haikumbuki, akaenda zake. Nilimwachia mto wa kiti changu.

Niliondoka Ijumaa. Sikumwambia mume wangu kitu kwa simu. Niliogopa nikitamka jambo lile litapotea, kama wanavyosema wazee kuhusu mimba changa. Nilipanda pikipiki na begi mbele ya mwenye pikipiki na godoro limefungwa nyuma yangu, hata wachuuzi wa barabarani Mboko walisimama kunicheka. "Mama, unahama ao unakimbia?" mmoja akapaza sauti. "Nahama!" nikamjibu, na nikalirudia neno hilo mara mbili tatu ndani ya kofia ya pikipiki, kwa utamu wake.

Nilimkuta mume wangu uani, amekaa kwenye kiti kifupi, anasahihisha madaftari. Akainuka, akanipa kiti chake kama kawaida. Kisha akaona godoro.

"Godoro ni ya nini? Utarudi nayo siku ya yenga?" Yenga ni Jumapili, siku yangu ya kurudi Baraka.

"Sirudi."

Kalamu nyekundu ikamwanguka. "Bamekufukuza kazi?"

"Apana. Bamenituma huku. Nitakuwa nafanya kazi hapa hapa Nundu. Nilishahama."

Alikaa juu ya godoro lililokuwa bado limefungwa kamba. Hakufurahi mara moja. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa hesabu kubwa na anaijumlisha kichwani. Mwishowe akauliza swali ambalo kila mtu huku kwetu huuliza mtu akipata kitu.

"Ulipitia kwa nani?"

"Sikupitia kwa mutu. Niliomba shefu mwenyewe. Akasema andika barua."

"Vile tu?"

"Vile tu."

Akaokota kalamu, akaifunga, akaifungua. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia amekuwa akitafuta uhamisho kuja Baraka. Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Kila baada ya muda anampelekea kuku mke wa direkta wa shule, na mwaka jana alimlimia shamba lake lote la maharage, ili mke amwambie mumewe.

"Na direkta mwenyewe ulishamuomba?" nikauliza.

Alitazama madaftari ya watoto, akatazama mikono yake, na nilielewa kwamba bado.

Miaka miwili. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, kwa sababu mtu wa mwisho mwenye haki ya kumcheka mwingine kwa jambo hilo ni mimi, na hilo lenyewe lilichekesha. Lakini nilikumbuka mvua zote zile na Jumapili zote zile, nikalia, naye akalia, uani, mchana, mbele ya majirani. Kisha yeye akashika godoro upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, tukaliingiza ndani.